Kukagua sanamu ya bronzi ya Kifaransa ya karne ya 19: anza chini ya kitako, jina liache mwisho

Sanamu za miungu wa kike Diana, Venus, Minerva na Hebe zilizosubiwa Paris karne ya 19, yaani zilizotengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa kalibuni, bado ziko nyingi sokoni: kwenye minada ya Drouot jijini Paris, kwenye soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, madukani Brussels na London, na mtandaoni. Nyingi ni za kweli. Nyingi pia ni nakala zilizotolewa miaka ya karibuni kwa kuibia umbo la sanamu ya zamani, au ni zinki iliyovikwa rangi ya bronzi. Mnunuzi mgeni hutazama uso wa mungu, hutafuta jina la kiwanda, akilikuta anatoa pesa. Jina ndilo jepesi kuliko yote kughushi. Kinachomshinda mghushi ni muundo: viungo, unene wa kuta, vipimo, alama za tupa na tindo. Kwa hiyo tutaanza chini ya kitako, mahali ambapo muuzaji hatarajii utazame.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na kwa mafundi wa Paris mara nyingi na zinki kidogo pia. Sehemu ya shaba kwa kawaida ni karibu tisa katika kumi. Baadhi yetu huiita shaba nyeusi. Hapa tutasema bronzi, ili isichanganywe na shaba nyekundu tupu wala na ile ya manjano ya masinia na mabuli.

Kwanza jua unachokitafuta

Karne ya 19 sanamu hizi hazikuwa kitu cha pekee kutoka mkono mmoja. Zilikuwa bidhaa, na nzuri sana. Mwaka 1838 Ferdinand Barbedienne, ambaye kiwanda chake kilisubu nyingi kati ya sanamu hizi, alishirikiana na Achille Collas, aliyebuni mashine ya kupunguza vipimo vya sanamu. Mashine hiyo ilikuwa na ncha butu iliyotambaa juu ya umbo kubwa, na mkono uliofungamana nayo ukichonga umbo lile lile kwa kipimo kidogo. Ndivyo Venus wa Milo, marumaru ya mita mbili iliyofukuliwa kisiwani Milos mwaka 1820 na sasa iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, alivyoweza kusimama juu ya meza ya sebuleni, tena kwa saizi kadhaa.

Kutokana na umbo lililopunguzwa, kiwanda kilitengeneza kwanza umbo-mama la bronzi, ambalo Wafaransa huliita chef-modèle. Lilikatwa vipande vinavyoingiana na kusafishwa kwa uangalifu mkubwa, kisha kila nakala ya kuuzwa ilisubiwa kutoka humo. Umbo-mama lilitengenezwa kubwa kidogo kuliko nakala, maana bronzi husinyaa ikipoa. Shika hilo, litatufaa kwenye hatua ya vipimo.

Mungu mwenyewe mtambue kwa vitu alivyonavyo. Diana ana hilali juu ya paji la uso, podo mgongoni, uta mkononi, paa au mbwa ubavuni. Minerva huvaa chapeo na kifuani ana kichwa cha Gorgoni, jini mwenye nywele za nyoka. Hebe hushika kikombe na mara nyingi yuko na tai. Ceres ana masuke ya ngano, Juno ana tausi. Lakini kuna Diana asiye na hata kimoja kati ya hivyo: Diana wa Gabii, marumaru iliyofukuliwa mwaka 1792 karibu na Roma na kuingia Louvre pamoja na mkusanyiko wa familia ya Borghese, ulionunuliwa mwaka 1807. Ni msichana aliyevaa kanzu fupi, mkono mmoja umefika begani unafunga vazi. Nakala zake za bronzi ni nyingi, na wauzaji wengine huziita "msichana wa Kigiriki" tu. Tutamtumia kama mfano, maana vidole vyake vile vya begani ni mtihani mzuri kwa fundi.

Vifaa

Chukua tochi ndogo yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo, kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, tepu laini ya fundi cherehani, na kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana) kama unayo. Ongeza glavu za nitrili, blanketi, vijiti vya pamba vya masikio na asetoni (dawa ya kuondolea rangi ya kucha) kidogo kwenye chupa inayofungika vizuri. Vyote vinaingia kwenye mkoba mmoja.

Hatua ya 1: Igeuze bila kuivunja

Omba ruhusa ya mwenye mali. Akikataa sanamu isigeuzwe, usinunue.

Usiishike kwa mkono wa sanamu, uta, wala mkunjo wa vazi unaoning'inia. Hivyo ni vipande vilivyoungwa, na vingine vimeshikwa na pini moja tu. Mkono wako mmoja uwe kiunoni mwa sanamu, mwingine chini ya kitako. Ikiwa imesimama juu ya marumaru, kwanza itikise taratibu sana: ikicheza, nati ya chini imelegea, na ukiiinua kwa kiwiliwili marumaru inaweza kudondoka. Kwa sanamu inayozidi sentimita 50 muwe wawili. Tandika blanketi, ilaze chali au ubavu, upande usio na kitu kilichochomoza.

Hatua ya 2: Ndani ya kitako

Washa tochi, ingiza kioo. Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Viwanda vya Paris vya wakati ule vilisubu zaidi kwa mchanga. Walitumia mchanga laini wenye udongo uliochimbwa Fontenay-aux-Roses, kusini mwa jiji. Mchanga uligandamizwa kuzunguka umbo-mama ndani ya fremu za chuma, umbo likatolewa, kati ikawekwa kiini cha mchanga kilichoshikwa na nyaya za chuma, na bronzi ikamiminwa katika uwazi uliobaki. Kwa hiyo ndani ya sanamu ya kweli utaona uso wenye chembechembe kama ganda la mkate, rangi ya kahawia au nyeusi, mabaki ya udongo mkavu pembeni, na pengine kipande cha waya chenye kutu. Kuta ni nyembamba na unene wake haubadiliki sana, mara nyingi kati ya milimita 3 na 6. Ukingo wa chini umesawazishwa kwa tupa, na mistari ya tupa inaonekana.

Nakala ya kisasa kwa kawaida husubiwa kwa nta iliyofunikwa ganda la kauri. Ndani yake ni laini, na kuna michirizi kama ya mshumaa ulioyeyuka, kwa kuwa nta ilimiminwa pale kwanza. Kwenye pembe kuna unga mgumu mweupe au wa kijivu wa ganda. Kuta huwa nene mahali pasipohitajika, na sanamu inalemea mkono kupita kiasi. Wapo wanaosema uzito mkubwa ni dalili ya ubora. Kwa sanamu hizi ni kinyume: fundi stadi wa Paris alijua kuusubu ukuta mwembamba, na shaba ilikuwa ghali.

Michirizi ya nta peke yake haitoshi kuihukumu sanamu. Kusubu kwa nta ni ufundi wa kale mno, hata siwa ya shaba ya Lamu ilisubiwa hivyo, na mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya mafundi wa Paris waliurudia. Kinachotia shaka ni nta pamoja na unga wa ganda, kuta nene, na jina la kiwanda kinachofahamika kwa kusubu kwa mchanga.

Bolti mpya inayong'aa isikutishe. Bolti hubadilishwa sanamu inapowekwa juu ya marumaru nyingine. Angalia badala yake tundu la bolti: kama bronzi inayolizunguka imechakaa na ina rangi ile ile ya ndani, ni ya siku nyingi. Tundu lenye kingo za manjano zinazong'aa limetobolewa juzi.

Kwa sanamu za Barbedienne, tafuta pia tarakimu zilizogongwa kwenye ukingo, na namba zilizoandikwa kwa wino mweusi ndani. Zikiwepo ni ushahidi mzuri. Zisipokuwepo, usihukumu, wino hufutika. Lakini namba kama 3/8 ni jambo jingine. Karne ya 19 viwanda havikuwekea nakala kikomo cha namna hiyo. Desturi ya nakala 8 na chache za msanii ni ya karne ya 20. Na neno "Reproduction" likiwa limegongwa mahali, sanamu imejitaja yenyewe: sheria ya Ufaransa ya Machi 1981 inalazimisha nakala za kuigiza kuandikwa hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, sehemu ya chini iliyosuguliwa kwa msasa mraba mdogo tu, pengine pote pakiwa na rangi ya kale, iulizie. Huenda neno lilikuwa pale.

Hatua ya 3: Je, ni bronzi kweli?

Weka sumaku. Ikinasa, ni chuma. Hilo hutokea zaidi kwa miungu wakubwa wa bustani, maana viwanda kama Val d'Osne vilisubu sanamu nzuri za chuma. Isiponasa, bado hujajua lolote, kwa sababu zinki nayo hainaswi.

Mpinzani mkuu wa bronzi ni régule, mchanganyiko wa zinki na madini mengine laini, uliotumika sana mwishoni mwa karne ya 19 kwa wasioweza kumudu bronzi. Zinki huyeyuka kwa nyuzijoto 419 tu, bronzi inahitaji karibu 1,000. Kwa hiyo régule iliweza kumiminwa katika kalibu ya chuma inayotumika tena na tena: unamimina, unasubiri igande ukutani, unamwaga iliyobaki. Ndani yake hapana chembechembe za mchanga. Ni laini, pamekunjamana kama uji ulioganda, kijivu. Vipande vimeungwa kwa lehemu, na madonge yake ya kijivu yanaonekana kwa tochi. Ukiona madonge hayo, kazi imekwisha.

Kama ndani hapaonekani, gonga taratibu kwa fundo la kidole. Bronzi hulia na mlio ukabaki kidogo. Régule hutoa sauti butu. Sanamu iliyobanwa sana kwenye marumaru inaweza kukosa mlio hata ikiwa bronzi, kwa hiyo usitegemee sikio peke yake. Jaribio la mwisho, kwa ruhusa, ni mkwaruzo wa milimita 2 chini kabisa ya kitako. Bronzi hutoa rangi ya dhahabu yenye wekundu, zinki hutoa weupe wa fedha. Kwaruza mara mbili mahali pale pale, maana régule nyingi zilivikwa ngozi nyembamba ya shaba kwa umeme, na mkwaruzo wa kwanza hukuonyesha ngozi hiyo tu.

Tazama pia vidole na ncha za mavazi. Régule huvunjika kama biskuti, na palipovunjika pana punje za kijivu zinazometa. Bronzi hupinda kwanza.

Kuna na zile za plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa bronzi. Hizo ukizishika hazina ubaridi wa chuma, na ni nyepesi isipokuwa zimejazwa kitu kitakoni.

Hatua ya 4: Viungo

Sanamu ya kusubu kwa mchanga haikutoka kalibuni nzima. Kichwa, mikono, wakati mwingine mguu, na vitu vya mkononi vilisubiwa mbali mbali. Ncha ya mkono ilitengenezwa kama kizibo kinachoingia kwenye bega lililo wazi, ikasukumwa, ikapigiliwa pini za bronzi, kisha mstari ukafungwa kwa nyundo na tindo mpaka ukatoweka. Fundi mzuri aliufichia mkunjo wa nguo, bangili, au mkanda wa podo. Kwa Venus wa Milo tafuta pale vazi linapoanza nyongani. Marumaru yenyewe iliundwa kwa mapande mawili ya jiwe yanayokutana karibu na hapo, na ni mahali pa asili pa kuficha kiungo.

Elekeza tochi kutoka ubavuni, mwanga ulambe uso wa sanamu. Zungusha. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele na viduara vya milimita 2 hadi 4 ambavyo rangi yake imetofautiana kidogo na jirani: hizo ni pini. Kisha tazama upande wa ndani wa mahali pale pale. Panatakiwa paonekane kiungo chenyewe: ukingo, kizibo, ncha ya pini.

Sasa kanuni ambayo ni vigumu mghushi aikwepe. Anayeibia umbo huchukua sanamu ya kweli, anaipaka mpira wa kutengenezea kalibu, na mpira hunakili kila kitu, pamoja na mstari wa kiungo na viduara vya pini. Lakini yeye anasubu mkono na bega kwa pamoja. Matokeo yake, nje kuna mstari wa kiungo, butu na usio na kina, na ndani hakuna kiungo. Hiyo ni picha ya kiungo. Ukiikuta, rudisha sanamu kwenye blanketi na ushukuru.

Dalili nyingine ni ukingo wa lehemu ya umeme ya kisasa upande wa ndani, uliojipanga kama magamba ya samaki. Hata hivyo, sanamu ya kweli iliyowahi kuvunjika mkono inaweza kuwa nayo mahali pamoja. Ikiwa nayo kwenye kila kiungo, imetengenezwa hivyo.

Uta wa Diana hupotea mara nyingi kuliko kitu kingine. Diana wa mchongaji Falguière, aliyeonyeshwa Salon (maonyesho ya sanaa ya Paris) ya 1882 na kutolewa kwa bronzi na kiwanda cha Thiébaut Frères, amenyoosha mkono kama aliyefyatua mshale sasa hivi. Angalia ngumi inayoshika uta: kama uta ni mpya rangi yake hukosana na ya mkono, na uwazi wa ngumi huwa haulingani na unene wake. Uta uliobadilishwa hauifanyi sanamu kuwa bandia, ila unapunguza bei, na muuzaji anapaswa kukuambia.

Hatua ya 5: Kazi ya mkono juu ya bronzi baridi

Sanamu ikitoka kalibuni ilikuwa na ngozi mbaya. Mtu aliyeitwa ciseleur aliifanyia kazi kwa saa nyingi akitumia tindo, tupa na vyuma vidogo vya kugongea: akachonga nywele, kope, kucha, akatofautisha ngozi na nguo. Kazi hii ndiyo iliyotenganisha kiwanda kizuri na cha ovyo, na ndiyo inayostahili pesa yako.

Chukua lenzi. Nywele ziwe na mifereji yenye kingo kali, chini yake safi. Vidole vya Diana wa Gabii pale begani viwe vinne vinavyohesabika, na kitambaa kipite kati yake na kifungo. Kanzu iwe na uso tofauti na paja, mara nyingi kwa vidoti au mistari midogo sana iliyogongwa. Kwenye nakala iliyoibiwa, mpira hunakili mistari hii lakini kila ukingo umekuwa mviringo, kama sabuni iliyotumika. Vidole vimeshikana. Chini ya kwapa na nyuma ya magoti kuna vishimo vya mapovu na vijipu vidogo vya bronzi ambavyo hakuna aliyejisumbua kuviondoa. Angalia mahali pasipoonekana kirahisi, maana mghushi husafisha uso na kuacha nyuma ya shingo.

Hatua ya 6: Pima mwili, usipime kimo

Bronzi ikipoa husinyaa kwa asilimia 1.5 hadi 2 hivi. Umbo-mama lilikwisha fidia hilo. Anayesubu kutokana na nakala iliyokwisha kuuzwa hana fidia, kwa hiyo sanamu yake huwa ndogo kuliko aliyoiibia.

Hesabu ni nyepesi. Sanamu ya kweli ya sentimita 60, mara 0.98, inakuwa 58.8. Mara 0.985 inakuwa 59.1. Umekosa karibu sentimita moja. Mghushi anajua utapima kimo, kwa hiyo huongeza unene wa kitako ili jumla irudi 60. Hawezi kuongeza umbali wa kidevu hadi kitovu. Kwa hiyo chagua nukta zisizo na ubishi juu ya mwili wenyewe: ncha ya kidevu hadi kitovu, kiwiko hadi kifundo cha mkono, upana wa mabega, urefu wa unyayo. Chukua nne au tano. Pima kila moja mara tatu na uandike wastani.

Linganisha na sanamu inayojulikana ya mfano ule ule na saizi ile ile: ya makumbusho, au iliyouzwa kwenye mnada mkubwa ambao maelezo yake yanatoa vipimo. Nyumba nzuri ya mnada ukiiandikia kwa adabu ikupimie upana wa mabega, itakupimia. Barbedienne alitoa mfano mmoja kwa saizi kadhaa, kwa hiyo hakikisha hufananishi saizi mbili tofauti; tofauti kati ya saizi na saizi ni kubwa, ya wizi wa umbo ni ndogo na inajirudia kila mahali kwa kiasi kile kile. Kipimo kimoja kikipungua kwa asilimia 2 na vingine viko sawa, umekosea kupima. Vyote vikipungua kwa asilimia 1.5 hadi 2, sanamu imekosea kuzaliwa.

Hatua ya 7: Rangi

Rangi ya kahawia, nyeusi au kijani juu ya bronzi, yaani patina, ilitiwa kiwandani kwa moto na dawa, kisha ikapakwa nta. Patina ya miaka 130 imechakaa pale mikono inapofika: pua, goti, bega, ukingo wa kitako. Hapo wekundu au udhahabu hujitokeza taratibu, hakuna mpaka mkali. Kwenye mikunjo kuna vumbi lililogandamana na nta ya zamani.

Patina ya haraka hujaribu kuiga hayo kwa kusugua ncha zote kwa nguvu sawa, hata pasipofikika kwa mkono, na kujaza mikunjo yote kwa kijani cha aina moja. Lowesha kijiti cha pamba kwa asetoni, gusa chini ya ukingo wa kitako tu. Ikitoka rangi nzito ya kahawia au nyeusi, ni rangi ya kupaka. Ikitoka unjano hafifu, huenda ni vanishi ya zamani, na hilo si kosa.

Patina iliyochakaa haishushi heshima ya sanamu. Iliyosuguliwa yote hadi ikang'aa kama sinia, imeharibiwa.

Hatua ya 8: Sasa soma jina

Saini ya kiwanda kwa kawaida ilikatwa au kugongwa kwenye bronzi baridi, hivyo kingo za herufi ni kali na mara nyingi utaona bronzi iliyosukumwa pembeni. Saini iliyosubiwa pamoja na sanamu ina herufi laini, chini yake duara.

F. BARBEDIENNE FONDEUR (fondeur ni msubu sanamu) ndiyo utakayoikuta zaidi. Barbedienne alifariki 1892 na mpwa wake Gustave Leblanc akaendelea, kwa hiyo Leblanc-Barbedienne ni baada ya mwaka huo, lakini jina la zamani peke yake halithibitishi kuwa ni kabla. Muhuri mdogo wa duara wenye maneno RÉDUCTION MÉCANIQUE na A. COLLAS nao hautoi mwaka: Collas alifariki 1859 na muhuri ukaendelea kutumika. Unachothibitisha, ukiwa wa kweli, ni kwamba umbo limepunguzwa kwa mashine yake. Ujaribu kwa ukucha. Muhuri bandia wakati mwingine ni kisahani kilichobandikwa. Thiébaut Frères, majina ya Fumière na Gavignot yakiongezwa, ni mwisho kabisa wa karne au mwanzo wa inayofuata. Susse Frères, kiwanda kingine cha Paris, nao wana muhuri wao.

Jina la mchongaji kitakoni si saini ya mkono wake juu ya nakala yako. Linataja nani aliyeunda umbo.

Kwenye maandishi ya mnada wa Ufaransa, "d'après l'antique" ni kwa kufuata sanamu ya kale, na kwa Diana wa Gabii ndivyo inavyopaswa kuwa. "Épreuve" ni nakala iliyotolewa kutoka umbo. "Fonte ancienne" ni kusubu kwa zamani, na "fonte postérieure" ni kusubu kwa baadaye. Neno hili la mwisho huandikwa katikati ya sentensi ndefu. Litafute kabla ya kupandisha bei.

Ukishainunua: namna ya kuitunza

Sisi watu wa pwani tumezoea kung'arisha mabuli na masinia kwa ndimu, ukwaju na majivu. Usithubutu hapa. Asidi ya ndimu huondoa patina kwa dakika chache, na kiwanda kilichoitia huenda hakipo tena. Siki, dawa za kung'arisha shaba za dukani na pamba ya chuma ni vile vile.

Pangusa vumbi kwa brashi laini ya nywele. Ikiwa na uchafu wa mafuta, chukua lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, tia matone machache ya sabuni isiyo na asidi wala magadi, lowesha kitambaa cha pamba kikakamuliwa vizuri, futa, suuza kwa kitambaa kingine, kausha saa hiyo hiyo. Usiizamishe: maji yakiingia kwenye viungo na kwenye kiini cha mchanga hayatoki, na nyaya za chuma zilizomo hufanya kutu na kupasua.

Ikishakauka kabisa, chukua nta ya kuhifadhia vyuma kiasi cha punje ya haragwe, itandaze nyembamba kwa kitambaa, subiri dakika 10, sugua taratibu. Mara moja kwa mwaka inatosha. Nta nyingi hujaa kwenye mikunjo na kuwa nyeupe, na hapo ndipo watu hufikiri sanamu inaota ukungu.

Hatari halisi kwa anayeishi Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Muscat ni chumvi ya hewani. Kloridi ikifika kwenye bronzi, pamoja na unyevu, huanzisha ugonjwa unaokula bronzi kutoka ndani. Kijani cha zamani ni kigumu, hakitoki kwa ukucha. Kijani cha ugonjwa ni unga, rangi ya kijani kibichi iliyopauka, kinatokea kwa madoa, na ukikifuta kinarudi baada ya siku chache. Ukikiona, usioshe. Tenga sanamu na nyingine, iweke kwenye sanduku la plastiki linaloziba pamoja na vifuko vya silika (chembe zinazonyonya unyevu) na kipima unyevu, na ushushe unyevu uwe chini ya asilimia 40. Hapo ugonjwa husimama, ingawa haujapona, na una muda wa kumtafuta mhifadhi wa vyuma.

Sanamu isiyougua nayo ikae mbali na dirisha linaloelekea baharini, na ishikwe kwa glavu, maana jasho lina chumvi ile ile. Kabati la kioo ni zuri likiwa na silika inayokaushwa upya kila inapobadilika rangi. Lisiwe la mti wa mwaloni, ambao hutoa mvuke wenye asidi, wala usitandike chini ya kitako mpira wenye salfa, utakuachia duara jeusi.